Umande Kwenye Njegere

4 Machi

Nimemaliza kupanda. Diana, binti yangu, alikuja juzi kutoka Kigoma mjini akaniletea kitabu hiki, akasema, "Mama, badala ya kugombana na kuku, andika." Basi nitaandika mambo ya shamba. Kuku nitaendelea kugombana nao.

Mwaka huu sina akiba. Fukusi waliingia kwenye mtungi wa mbegu wakala hadi wakachoka. Kilichopona nimegawa bakuli moja kwa kila mwanamke wa kikundi chetu, na kilichobaki nimekipanda chote hapa, kwenye shamba la mbegu. Mimi ndiye mtunza mbegu. Njegere hizi mama yangu alikuja nazo alipoolewa kilimani hapa, ndogo, zenye kitovu cheusi, zinazoiva kwa kuni tatu. Wanunuzi wa Rusimbi wanaziulizia kwa jina la mama mpaka leo. Zikifa shambani humu, hakuna duka litakaloniuzia nyingine.

9 Machi, Jumapili

Tumekutana baada ya misa. Tuko saba. Mpya ni Générose, Mrundi aliyehamia bonde la chini na mumewe Bucumi, tunamwita Mama Ella. Anaongea kidogo, anafanya kazi kama mashine.

Mimi ndiye niliyeleta hoja ya sheria. Bwana shamba Dismasi alitufundisha kwamba magonjwa ya njegere yanasafiri na watu, hasa majani yakiwa na maji. Basi nikasema: shamba lenye ugonjwa haliingiwi na mtu, na zamu yake ya kulimiwa inarukwa mpaka lipone. Wa kwanza kunyoosha mkono ni Verediana. Nilifurahi. Verediana ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji. Nilipofiwa na mume wangu alilala nyumbani kwangu hadi nilipoweza kupika mwenyewe. Mtu kama huyo akinyoosha mkono, wengine hufuata.

17 Machi

Zimeota. Mvua.

18 Machi

Mvua. Ziwa halionekani, ni ukungu mtupu mpaka chini.

26 Machi

Leo tumeanza kibiri, yaani zamu zetu za kulimiana. Tunatoka alfajiri umande ukiwa bado, maana jua likichomoza juu ya kilima kila mtu ana lake, mwingine kahawa, mwingine soko la Mwanga. Tumeanzia kwa Verediana kwa sababu mumewe, Mzee Leodgar, amelala kitandani tangu Krismasi. Kiharusi. Upande mmoja umekufa. Verediana anamgeuza, anamlisha, halafu ndipo ashike jembe. Kwa hiyo tulisema yeye awe wa kwanza.

Kutoka kwake tulipita moja kwa moja kwangu, vitenge vimelowa hadi magotini.

Njegere za Verediana zimepanda vizuri ila chini ni tupu, hazina majani ya shinani. Nilidhani ameanza kufuga sungura, anawapa. Sikuuliza. Kwetu shamba la mwenzio unalipalilia macho yakiwa kwenye udongo. Ukiinama ukageuza jani lake kulitazama, hata kama huna baya moyoni, zikiharibika kesho utasemwa una jicho. Hata kusifia hatusifii. Mama alinifundisha hivyo na mimi nimemfundisha Diana hivyo hivyo.

28 Machi

Mvua ya mawe kidogo. Kuku mmoja amekufa, si kwa mvua, kwa ujinga.

2 Aprili

Kibiri tena. Kwa Verediana, kwangu, kwa Honorata. Umande mwingi.

8 Aprili

Verediana alikuja jioni, akakaa jikoni, akawa anazungukazunguka maneno. Mwisho akasema, "Mama Diana, mimi si msemaji wa watu. Lakini umeziona njegere za yule Mrundi?"

Nikamwambia bado.

"Za njano. Zote. Na zinasinyaa. Keshokutwa ni zamu yake. Tukiingia mle, tumekwisha. Na wewe ndiye mwenye mbegu."

Nimeshukuru kuwa na rafiki mwenye macho.

10 Aprili

Tulikwenda wote, jua likiwa limeshakausha umande. Hakuna aliyekumbuka kwamba hatuinamii mashamba ya watu. Kwa Générose tuliinama, tukageuza majani, Honorata hata aling'oa mche mmoja akaupitisha mkono kwa mkono. Kweli ni njano, kuanzia chini, na mche mzima umelegea. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini. Mwenye shamba alisimama pembeni na jembe lake begani.

Nilisema mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti. "Mama Ella, sheria unaijua. Zamu yako inarukwa."

Akasema, "Mama Diana, ni maji. Hapa chini maji yanasimama. Nikichimba mfereji zitapona."

Verediana akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Hata mbegu, hatujui alichanganya na za wapi. Watu wa kule huja na mbegu zao."

"Sikuchanganya," akasema Générose. "Nilipanda mlizonipa."

Watu wakanitazama. Nikaona heri kumpoteza mmoja kuliko mbegu yote. Nikamwambia asije kwenye mashamba yetu mpaka msimu uishe, na sisi hatutaingia kwake. Alisema, "Ntaco," neno lao la kusema si kitu, akageuka akaanza kupalilia peke yake tukiwa bado tumesimama pale.

Nimelala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Générose alikaa benchi la nyuma na watoto. Aliniamkia vizuri. Nikamwitikia vizuri. Basi.

20 Aprili, Pasaka

Diana amekuja na migebuka wa kukaanga. Nimempelekea Verediana sahani, na Mzee Leodgar akala vipande viwili. Mvua mchana kutwa.

24 Aprili

Nimeona kitu.

Ni kona ya chini ya shamba langu, tunapoingilia siku za kibiri. Majani ya shinani yana madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, pembeni yamekuwa ya zambarau. Nikafuata mstari. Yanaendelea. Mashina karibu na udongo yameanza kuwa meusi, mtu angedhani yameguswa na moto.

Nimeosha mikono mara nyingi leo bila sababu.

25 Aprili

Verediana amekuja, ameangalia kwa mbali, amekaa chini kwenye tuta akalia. Alisema, "Yule mwanamke ametumaliza." Nikalia naye. Tulishikana mikono.

27 Aprili, Jumapili

Dismasi amepanda na pikipiki ingawa ni Jumapili, Mungu ambariki. Alianzia bonde la chini kwa sababu nilimwambia kwenye simu kwamba ugonjwa umetoka huko. Alipofika kwangu, matope hadi kiunoni, alikuwa na uso wa mtu asiyejua aanzie wapi.

"Mama, kule chini sikuona ugonjwa huu. Zile zilikuwa zimezama maji, mizizi ikaoza. Kuoza kule kunabaki palepale penye maji, hakukwei kilima kukufuata. Na sasa amechimba mfereji mzuri kuliko niliouchora mimi ubaoni. Miche iliyooza ameing'oa, iliyobaki imerudi kijani."

Akachuchumaa kwangu. Alitaja jina la kizungu, akaona uso wangu, akasema tuuite baka. Anasema baka huanzia chini, matone ya mvua yakilirusha kutoka udongoni, au huja na mbegu yenyewe. Haligeuzi miche yote kuwa ya njano kwa pamoja, linadonoa jani kwa jani. Halafu akasimama akatazama shamba kwa mapana.

"Hili limeingia na watu. Tazama linavyofuata njia yenu ya kupalilia. Mnatoka shamba gani kabla ya hapa?"

Nikasema, "Kwa Mama Samson." Ndilo jina la kawaida la Verediana, kwa mwanawe mkubwa.

"Nimepita kwake sasa hivi. Amenizuia kwenye uzio. Amesema mgonjwa amelala, nisipige kelele."

Nilimtetea. Nilisema ana mgonjwa kweli. Nilisema njegere zake ni nzuri, nimezipalilia kwa mikono yangu.

28 Aprili

Nimepulizia dawa asubuhi. Mchana mvua imeiosha.

29 Aprili

Mvua.

30 Aprili

Mvua. Nimepulizia tena saa ilipokatika, ikaniona, ikarudi.

5 Mei

Nataka niandike pole pole.

Bomba langu la dawa limevunjika mpini. Nikaenda kwa Verediana kuazima lake. Hakuwepo, alikuwa kisimani. Nikapiga hodi, Mzee Leodgar akaitika kutoka chumbani. Nikaingia kumwamkia. "Shikamoo, Mzee." Akaitika kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Maneno yanamtoka yakiwa yamekunjwa, lakini ukisubiri unamwelewa. Nikamuuliza bomba liko wapi. Akasema liko nyuma, kwenye migomba.

Halafu, kwa sababu mtu aliyelala peke yake hutaka kuzungumza, akaongeza, "Mama Samson anachoka. Kila jioni anachuma yale majani yenye madoa. Tangu yalipoota. Anasema njegere nazo zinaumwa kama mimi." Akacheka. Alikuwa ananipa utani wa nyumbani kwao.

Nikamuuliza, "Anayapeleka wapi, Mzee?"

"Huko huko kwenye migomba."

Nilikwenda. Bomba lilikuwepo. Kando yake kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo majani ya njegere, ya zamani yameoza, ya jana bado mabichi. Duara ndani ya duara. Hakuna sungura nyumba ile. Hajawahi kuwepo.

Nikaingia shambani kwake nikafanya ambacho sijawahi kufanya kwa rafiki. Niliinama. Niligeuza jani moja moja. Mashina meusi, yote. Na katikati ya njegere za mama yangu niliona miche minene yenye maua meupe ambayo siyo yetu. Bila shaka alinunua njegere za kupika dukani akazipanda kujazia shamba, na baka likaja nazo. Zetu zinatoa maua ya zambarau. Nimepalilia mle mara mbili na sikunyanyua macho, kwa adabu.

Alinikuta pale, ndoo kichwani. Hakuitua.

Nikamwambia, "Ulijua."

Akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipokuwa na majani manne."

"Na ukamnyooshea kidole Générose."

Hapo ndipo alipotua ndoo. Alisema, "Sheria uliitunga wewe, Winfrida. Zamu inarukwa. Ningesema, nani angekuja kunilimia? Wewe? Ungekuja peke yako, unilimie na lako lilale? Nina mgonjwa wa kugeuza usiku na mchana. Bila kibiri ningepata nini?"

Hakuniita Mama Diana. Aliniita kama alivyoniita kisimani tukiwa na miaka kumi.

Nikamwambia ningekuja. Akanitazama tu. Nimetembea njia nzima nikijiuliza kama ningekuja, na hilo nalo ni la kwake, amenipa swali ambalo sikuwa nalo asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hata nguo yenyewe nililowana nayo shambani kwake nikaileta kwangu.

Bomba nililiacha.

6 Mei

Sijaenda popote.

7 Mei

Mvua. Natamani angekuwa adui. Adui ningemjulia.

11 Mei, Jumapili

Nimewaambia wanawake wote baada ya misa, mbele yake. Nilitarajia kelele. Honorata alisema, "Maskini, na mgonjwa." Mwingine akasema hata kwake kuna madoa, ila alidhani ni mvua. Wa tatu akasema hivyo hivyo. Kumbe kila mtu alikuwa anaona vyake na kunyamaza, kila mmoja akiogopa kurukwa. Kikundi changu safi.

Hakuna aliyemtaja Générose. Alikuwa ameshaondoka na wanawe.

19 Mei

Maganda yametoka. Nimefungua moja. Doa limezama kwenye ganda, na ndani, kwenye punje, kuna kivuli cha kahawia. Nimefungua lingine. Nimefungua mengi mno, nikajilazimisha kuacha.

25 Mei, Jumapili

Dismasi amesema nilichojua. Njegere mbichi zinaweza kuliwa, hazidhuru mtu. Lakini hakuna punje hata moja ya shamba hili itakayowekwa kuwa mbegu, kwa sababu baka linalala ndani yake na kuamka nayo. Wengine watano vilevile. Zing'olewe zote, zichomwe, na mahali pale pasipandwe njegere misimu kadhaa. Mahindi, viazi, chochote.

"Nichague yale maganda safi," nikamwambia. "Machache. Bakuli moja tu."

"Mama, hutaliona kwa macho."

Ni kijana mpole. Alizima pikipiki akaisukuma mpaka barabarani ndipo akaiwasha.

28 Mei

Nimeng'oa. Nilianza mwenyewe umande ulipokauka. Mbegu ya mama yangu, mashada kwa mashada. Maua mengine ya zambarau yalikuwa bado yanachanua juu huku shina limekufa chini.

Mchana Verediana alikuja na jembe. Alisimama ukingoni. Nikamwambia, "Usiingie." Akasema majani ni makavu, hakuna hatari sasa. Nikamwambia sisemi kwa ajili ya majani.

Alibaki pale nje muda mrefu. Nilipotazama tena hakuwepo. Ndiyo, nililia, na moshi ulinipa sababu.

7 Juni

Upepo wa kiangazi umeanza. Ziwa linaonekana lote, mpaka milima ya Kongo. Mwaka mzuri kwa watu wengine.

14 Juni

Nimesikia kwa Honorata kwamba za Générose zimekauka vizuri, punje safi. Hakuna aliyeingia kwake tangu tulipomtoa. Tulimfukuza tukamwokoa. Anavuna njegere za mama yangu, peke yake kilimani hapa.

Honorata anasema niende, mimi ndiye mtunza mbegu.

15 Juni, Jumapili

Sijaenda.

21 Juni

Nimekwenda.

Alikuwa anapepeta uani, Ella akimshikia ungo wa pili. Alinipa kigoda. Alituma mtoto alete maji ya kunywa. Nilisema yote niliyokuwa nimeyapanga, kwamba nilidanganywa, kwamba Verediana alijificha nyuma yake, kwamba rafiki wa maisha yangu yote alinifanya mjinga. Niliongea sana. Yeye alipepeta.

Nilipomaliza akasema, "Mama Diana, yule Mama Samson mimi simjui. Hakuwahi kula kwangu. Akinisema vibaya, ntaco, ni mtu tu. Wewe nilikupenda. Siku ya kwanza ulinipa mbegu kwa mikono miwili."

Nikasema, "Nilidanganywa."

"Nilikuambia ni maji. Ulinisikia. Ungeweza kutazama mfereji, ni hatua kumi. Hukutaka."

Nilimwambia kwamba hizi ndizo zilizobaki, na kwamba ziliwekwa na mama yangu, na mimi ndiye ninayezitunza, na kama atanipa nitazigawa kama kawaida.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Mbegu hainyimwi. Kwetu hainyimwi, na kwenu pia hainyimwi. Lakini nitagawa mimi. Kila mtu aje mwenyewe. Na asiingie shambani. Aishie hapa uani."

"Hata Verediana?"

"Kila mtu," akasema.

Nimerudi njiani nikiwa na hasira naye, na aibu kwa sababu ya hasira, na bado nina hasira.

29 Juni, Jumapili

Siku ya kugawa mbegu imetangazwa baada ya misa. Si na mimi.

5 Julai

Tulipanga foleni uani kwa Générose. Mume wake, Bucumi, alikuwa ameweka gogo kuzuia njia ya shambani. Gunia dogo lilikuwa mkekani, na Générose amepiga magoti nyuma yake na bakuli. Punje zilikuwa kavu, za kijani hafifu, kitovu cheusi. Ningezijua gizani.

Nilichelewa kufika, nikawa wa mwisho. Mbele yangu alikuwa Verediana. Shingo yake imekonda. Aligeuka nusu, akataka kunipisha nitangulie. Nilitazama pembeni. Akabaki pale pale, na mimi nikabaki nyuma yake.

Alipofikiwa, Générose alimwuliza anaendeleaje Mzee Leodgar. Akasema hajambo kidogo. Akapimiwa bakuli, lililojaa sawa na la wengine, akalipokea kwenye sufuria aliyoileta, akapita.

Nikapiga magoti. Générose aliniuliza swali alilokuwa akimwuliza kila mtu.

"Umeleta chombo?"

Sikuwa nimeleta. Miaka yote hii nilikuwa nagawa, sijawahi kupokea, sikukumbuka kwamba mtu anakuja na chombo. Nikakinga kitenge.